Kadi Isiyovumilia Shimo

Siku ile mjinga alikuwa Hoza Shekiondo, na mwenyewe hakatai. Mkute leo kwenye kibanda chake cha ufundi pale Lushoto, mchokoze kidogo, atakusimulia huku anacheka, maana dunia imemzaba makofi mengi hata akazoea kulicheka kofi kabla halijatua. Lakini msikilize vizuri. Mahali pa kujitaja atasema "yule fundi". Jina lake halitamki kirahisi siku hizi, na kuliandika ndiyo kabisa hataki.

Bi Sakina Kaoneka aliingia dukani asubuhi, nyuma ya ukungu. Ukungu wa milima ile una adabu mbovu: unaingia bila hodi, unakaa kwenye benchi la wateja, na hauna shida ya kutengenezewa kitu. Bi Sakina alikuwa mama wa miaka sabini na ushee, mfupi, amejifunga kanga mbili kwa baridi, na mkononi ana kapu zito. Akaliweka mezani, akafunua kitambaa. Ndani mlikuwa na kompyuta ya nyumbani ya miaka ya themanini, rangi ya chai ya maziwa, kibodi na mwili kitu kimoja, ile ya kuchomeka kwenye televisheni.

"Mama," Hoza akasema, "hii umeiiba makumbusho?"

"Makumbusho ndiko kuna vitu vilivyoibwa kwetu. Hii ni ya kaka yangu."

Hoza akacheka, akavuta kiti. Mteja anayejibu hivyo alimpenda papo hapo.

Baba yake Bi Sakina alikuwa dereva wa wageni fulani waliokuja kupima misitu. Walipoondoka, gari walimwachia bosi na kompyuta wakamwachia dereva, kwa kuwa hakuna aliyejua ni kitu gani. Aliyeijua ni mtoto wa dereva, Idrisa. Alisoma kitabu chake cha maelezo kwa kamusi, neno kwa neno, na alipomaliza akaanza kuandika humo mambo yake ya kila siku. Akiwa na miaka kumi na minane alikutwa chini ya jabali, upande wa bondeni, amekufa.

"Wakasema amejirusha," akasema Bi Sakina. "Aliyesema ni mmoja, binamu yetu Kilua. Kwamba alikuwa kwenye shamba lake ng'ambo ya bonde, akamwona kwa macho yake mawili akiruka kama mtu anayeruka mfereji. Mimi nilikuwa mtoto. Kikao kikakaa, wakamzika ng'ambo ya mto, peke yake, mbali na makaburi ya ukoo. Mama yangu alikufa anaangalia ng'ambo ya mto."

Hoza hakutania hapo.

"Sasa Kilua ndiye msemaji wa ukoo," Bi Sakina akaendelea. "Wiki ijayo kuna kikao. Nimeomba Idrisa ahamishwe, alazwe ubavuni mwa mama. Kilua kasema nilete sababu, si machozi. Sababu ni hizi." Akatoa kopo la biskuti, na ndani yake flopi, zile diski pana nyembamba zinazopinda. Nyingine zilikuwa na ukungu wa namna yake, ule mweupe unaoota kwenye viatu vilivyosahaulika.

"Ningeweza kuzihamishia kwenye simu yako, ukasome hukohuko nyumbani."

"Thubutu. Picha ya mama yangu niliiweka kwenye simu. Mwaka wa pili nikaiangalia, mama anatabasamu. Fundi, mama yangu hakuwahi kutabasamu mbele ya kamera hata siku moja. Nataka isomwe na mashine hiihii ya Idrisa. Hii haina akili ya kuongeza neno."

"Hii haina akili hata ya kujua leo ni Alhamisi," Hoza akamhakikishia.

Alikuwa anasema kweli, na ujinga wake ulianzia hapohapo kwenye ukweli. Zama hizo kila kitu kilihifadhiwa kwenye kadi ponya. Kadi za zamani, zile ndogo za kuchomeka kwenye kamera, zilikuwa zikichakaa zinapoteza vitu, basi. Ukipoteza umepoteza. Kadi ponya ilikuja na ahadi kwamba hutapoteza tena. Ndani yake mna kiakili kidogo, na kila herufi inapofifia, kile kiakili kinaangalia zilizo jirani, kinakadiria, kinajaza. Watu walifurahi. Picha zilizopasuka zikaungana, nyimbo zilizokatika zikaendelea. Ilichukua muda mpaka watu kuanza kuona mama zao wanatabasamu, na walipoona, viwanda vilikuwa havitengenezi tena kadi za aina nyingine.

Mashine ya Idrisa ilikuwa nzima, ila kisoma flopi chake kilikuwa kinakohoa mara za mwisho. Desturi ya mafundi wa vitu hivi ni kuhamisha kila kitu kwenye kadi na kuichomeka kadi kwenye adapta, kidude kidogo kinachoidanganya kompyuta ya zamani kwamba huku nyuma bado kuna flopi. Mashine ndogo, kadi kubwa kupita kiasi. Ni sawa na kumvika mtoto mchanga koti la mgambo. Lakini inafanya kazi, na mashine haijui.

Hoza akatoa kadi ponya mpya. Akaipima kwanza, kama alivyofundishwa na fundi aliyemlea, maana kadi feki zimejaa sokoni: unaijaza kadi jina lako, kuanzia mwanzo hadi mwisho, HOZA HOZA HOZA, halafu unaisoma. Jina likikatika mahali, ujue umeuziwa makopo. Halikukatika. Akafuta, akahamisha maandishi ya Idrisa juu yake, akaona safi.

Kwa kadi za zamani kufuta kulitosha. Kadi ponya haifutiki namna hiyo. Inaacha kukuonyesha kitu, lakini ilichowahi kubeba inakikumbuka, na siku ikihitaji kujaza mahali inakwenda kuchota humohumo. Hoza alilijua hilo. Alilijua kama mtu anavyojua kwamba jiko ni la moto, na bado kidole gumba chake cha kushoto kilikuwa na kovu refu la chuma cha kulehemu.

Kisha akashika koleo.

"Unafanya nini?" Bi Sakina akauliza.

"Navunja flopi, mama. Mbele ya mwenyewe, ndiyo desturi yetu. Nakala mbili ni kesi mbili. Ukibaki nazo, kesho mpwa wako anazinakili kwenye kadi yake, kadi yako inajiponya kivyake, yake nayo kivyake, mnakutana mahakamani kila mtu na marehemu wake."

"Lazima?"

"Ndiyo kazi ilivyo."

Akazivunja moja moja. Bi Sakina alitazama hadi ya mwisho, midomo ameibana, kama mtu anayechomwa sindano na hataki nesi ajue.

*

Siku mbili baadaye Bi Sakina akamwita nyumbani kwake. Hakusema kwa nini. Alisema tu, "Fundi, njoo usome na wewe."

Nyumba yake ilikuwa juu kwenye mteremko, madirisha yametazama bonde, na siku hiyo bonde halikuwepo. Palikuwa na weupe tu, umeegemea vioo. Televisheni ilikuwa inawaka. Maandishi ya Idrisa yalikuwa kwa herufi kubwa zote, kama mtu anayepiga kelele kwa upole.

LEO RADI. BABA KASEMA NISIWASHE KITU HIKI. NIMEWASHA.

SAKINA KAIBA PEASI ZANGU. NIMEMSAMEHE ILA ASIJUE.

"Sikuwahi kujua," Bi Sakina akasema. "Miaka yote hii." Akacheka peke yake, akajifuta jicho kwa pembe ya kanga. "Sasa nenda mwisho. Ukurasa wa mwisho nilikuwa naukumbuka. Baba alitusomea kabla hajalifungia lile kopo. Ulikuwa umeharibika katikati, baba akakwama. Ulisema, kesho nakwenda jabalini na, halafu madoa, halafu Sakina anataka kuja, nimemkatalia. Na nini, hatukujua. Na mbuzi, na kamera, na mtu. Nimelala na hiyo 'na' maisha yangu yote."

Hoza akabonyeza hadi mwisho.

KESHO NAKWENDA JABALINI NA HOZA. SAKINA ANATAKA KUJA. NIMEMKATALIA.

Hoza akalisoma lile jina mara mbili. Mji mzima ulimwita "Fundi", na Bi Sakina naye hivyohivyo; jina lake halikuandikwa popote pale dukani.

"Alikuwa na mtu," akasema Bi Sakina. Uso wake ulikuwa umefunguka kama dirisha. "Hakwenda kufa, fundi. Mtu hajirushi na mwenzake pembeni. Nimeanza kuulizia. Inasemekana kulikuwa na Hoza mmoja huku Soni, seremala, amekwisha kufariki. Huenda ndiye."

"Huenda," Hoza akasema, na sauti yake akaisikia inatoka kwa mtu mwingine.

"Na kuna ukurasa mwingine. Baba hakutusomea huu."

Akabonyeza. Ukurasa ule haukuwa na tarehe.

HOZA AMEFIKA. UKUNGU MWINGI.

Hoza aliyajua maandishi yote aliyohamisha; alikuwa ameyahesabu kwa kurasa. Ukurasa ule haukuwepo. Idrisa aliandika "kesho", akazima mashine, akaenda, hakurudi kuiwasha. Hakuna kilichopotea baada ya hapo, maana hakuna kilichoandikwa. Lakini kadi ponya haijui tofauti ya shimo na mwisho. Kwake mahali patupu ni pagonjwa.

Pembeni, taa nyekundu ya adapta ikawaka, ikazima, ikawaka. Taa hiyo huwaka mashine inapoiomba kadi kitu. Hakuna aliyekuwa amegusa kibodi.

"Inafanya nini?" Bi Sakina akauliza.

"Inapumua tu, mama." Akaichomoa kadi, akasukuma kile kiswichi kidogo cha ubavuni kinachoifunga isiandikwe, akairudisha. Akafungua ukurasa uleule.

HOZA AMEFIKA. UKUNGU MWINGI. YUKO NYUMA YANGU. ANA KOVU KWENYE KIDOLE GUMBA.

Kiswichi kile kinamzuia mtu wa nje asiandike. Aliyekuwa anaandika alikuwa ndani.

Hoza akaficha mkono wa kushoto mfukoni, na huko mfukoni ukagusa simu yake, na simu ilikuwa ya moto. Hapo akaelewa lililobaki. Kadi ponya zikiwa jirani huazimana. Ikikosa cha kujazia, inaomba kwa iliyo karibu, kwa kimya, hewani, kama majirani wanavyoombana chumvi dirishani. Ndani ya simu yake mlikuwa na picha aliyopigwa zahanati siku alipoungua, na maelezo ya daktari chini yake. Kile kitu kwenye adapta kilikuwa kinamchota taratibu na kumpeleka jabalini, mwaka ambao mama yake mwenyewe alikuwa bado msichana wa shule.

Bi Sakina alikuwa anasoma tena, midomo inacheza. "Kovu," akasema. "Basi hata atatambulika."

*

Hoza hakumwambia siku hiyo. Akatelemka na ukungu wake hadi dukani, akakaa mbele ya meza, akajiambia maneno mengi ya busara. Kwamba Idrisa amekufa, haumii. Kwamba seremala wa Soni amekufa, hakatai. Kwamba mama wa watu anataka kaburi lihame hatua chache kuvuka mto, na ukoo mzima hautapungukiwa kitu. Kila hoja ilisimama vizuri. Tatizo ni kwamba aliona anafanya kazi ya ile kadi: anaangalia yaliyo jirani, anakadiria, anajaza.

Akapanda tena kule juu kesho yake. Simu aliiacha dukani, ndani ya sufuria, na juu ya kifuniko akaweka jiwe.

Bi Sakina alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Hoza akabaki amesimama mlangoni.

"Mama, unalijua jina langu?"

"Si Fundi?"

"Hoza. Hoza Shekiondo. Huyo kwenye mashine si seremala wa Soni. Ni mimi. Ni jina langu la kupimia kadi. Nilijaza kadi jina langu kabla sijaweka maneno ya kaka yako, na ilipokuta shimo ikachota jina langu ikaziba. Na ule ukurasa wa mwisho haukuwepo kabisa. Kovu ni hili." Akanyoosha kidole gumba.

Bi Sakina akakiangalia kile kidole kwa muda. Vidole vyake mwenyewe viliendelea kutafuta mawe kwenye maharage.

"Flopi zangu umezivunja kwa koleo, mbele yangu," akasema. "Nikakuuliza, lazima? Ukaniambia ndiyo kazi ilivyo."

"Nilisema."

"Ukamchukua kaka yangu, ukamtia jina lako mdomoni."

"Ndiyo, mama."

"Kwa hiyo ile 'na' imerudi. Nilikuwa nimeizika."

Bi Sakina akatoa jiwe moja kwenye maharage, akalitupa pembeni.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe."

"Basi nisikilize, mwanangu." Neno "fundi" lilikuwa limekwisha, na neno hili jipya lilimtisha zaidi. "Umenivunjia kitu ambacho huwezi kukilipa. Sikuombi ulipe. Nakuomba kesho kutwa uje kwenye kikao, uwashe mashine, ukae kimya. Usiseme ndiyo, usiseme hapana. Wazee watasoma wenyewe. Hilo ni zito?"

"Inaweza kuandika lolote, mama. Jana iliniweka nyuma yake. Sijui kesho kutwa itaniweka wapi."

"Hata watu wanaweza kusema lolote, na wanaaminiwa. Utakuja?"

Akaja.

*

Sebule ilijaa wazee wa ukoo, makoti na makofia, harufu ya tangawizi kutoka kwenye vikombe, na ukungu dirishani umesogea kabisa kama ndugu aliyechelewa kualikwa. Mzee Kilua alipewa kiti cha mbele, karibu na televisheni, kwa sababu ya macho yake. Alikuwa mzee mrefu mkavu, anayependa kuisikia sauti yake hata baada ya kumaliza kuongea. Kila hotuba yake aliirekodi, arusi, matanga, vikao, na simu ya kurekodia ilikaa mfuko wa shati, karibu na moyo. Akaibonyeza sasa hivi, ili na hiki kikao kisipotee.

"Haya, Sakina," akasema. "Tulisema sababu, si machozi. Naona umeleta sinema."

"Nimeleta Idrisa, kaka Kilua. Msikilize."

Hoza akawasha. Akawasomea kwa sauti, mstari kwa mstari. Radi. Peasi. Mzee mmoja nyuma akacheka, akasema ndiye yuleyule Idrisa, alikuwa na kiburi hicho cha kuwasha vitu. Mwingine akakumbuka alivyomtengenezea redio bila kudai hata shilingi. Kwa muda kidogo kijana aliyekuwa ng'ambo ya mto alikuwa amekaa nao sebuleni, na hakuna aliyeona haraka ya kumrudisha.

Taa ya adapta ikawaka. Ikazima. Ikawaka, ikaganda nyekundu.

Hoza akafika ukurasa wa mwisho, akafungua kinywa asome, kikabaki wazi.

KESHO NAKWENDA JABALINI NA KILUA. SAKINA ANATAKA KUJA. NIMEMKATALIA.

Jina lake halikuwepo. Aliacha simu kwenye sufuria ili kadi isimpate, na kadi haikumpata. Ilikuwa imeliacha hata lile jina la kupimia, ikageuka upande wa pili, ikamkuta jirani mwingine, mwenye simu iliyojaa jina moja kutoka chini hadi juu, mzee Kilua kasema, mzee Kilua kashukuru, mzee Kilua amefunga kikao.

"Soma," akasema mzee wa nyuma. "Mbona umenyamaza?"

Hakuhitaji kusoma. Waliokuwa karibu walikuwa wameona. Ukurasa ukageuka wenyewe, bila kidole.

KILUA AMEFIKA. UKUNGU MWINGI. KILUA YUKO NYUMA YANGU.

Halafu, herufi moja moja, kwa mwendo wa mtu anayetafuta funguo kwenye kibodi kwa kidole kimoja:

KILUA AMENISU

Hoza akaikimbilia swichi, akazima. Nukta ya mwanga ikabaki katikati ya kioo, ikafifia. Lakini neno lile kila mtu alikuwa amelimalizia kichwani mwake. Nao walikuwa wamejaza shimo.

Sebule nzima ikamgeukia Kilua.

"Uongo," akasema. "Mimi? Jabalini na Idrisa? Siku hiyo mimi sikuwepo huku kabisa. Nilikuwa Tanga, nimepeleka peasi kwa lori la ushirika, nimelala huko na kuamka huko. Niliporudi alikuwa amekwisha kuzikwa. Wallahi sikuwepo. Muulizeni yeyote aliye hai."

Mzee wa nyuma, yule aliyecheka habari za radi, alikuwa amesogeza kiti chake mbali kidogo, kama hatua moja ya mguu, na hatua hiyo ilionekana na wote.

Hoza akamtazama Bi Sakina. Naye alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, hamtazami mtu. Usiseme ndiyo, usiseme hapana. Ilikuwa rahisi sasa kuliko alivyoombwa. Jina la Hoza lilikuwa limeondoka humo. Hakuwa na hatia ya kuonekana. Akikaa kimya tu, kaburi litavuka mto kabla ya Ijumaa, na mzee huyu mwenye kuipenda sauti yake ataishi miaka yake iliyobaki akitazamwa kama mtu aliyemsukuma binamu yake. Baada ya kilio cha miaka sitini, nani angesema si haki?

Tatizo lilikuwa dogo tu. Halikuwa kweli.

"Wazee wangu, niwieni radhi," akasema. "Mzee Kilua hakuandikwa na Idrisa. Kaandikwa na kadi."

Akawaeleza yote. Jina la kupimia, shimo la madoa, majirani wanaoombana hewani, simu ya moto mfuko wa shati. Akawaonyesha kidole gumba. Akasema siku chache nyuma, mbele ya mama huyu, aliyewekwa nyuma ya marehemu alikuwa yeye mwenyewe, na kwamba flopi zenye maneno halisi alizivunja kwa mkono wake, ila ya radi na ya peasi na ya kumkatalia Sakina ni ya Idrisa, hayo ataapa. Hakucheka hata mara moja. Alipomaliza akakaa chini sakafuni, kwa kuwa hakukumbuka kiti chake kiko wapi.

Mzee Kilua akaigusa simu yake, akaikuta ya moto kweli, akaiweka juu ya meza kama mtu anayeweka mende. Pumzi zikamrudi. Rangi ikamrudi. Na mara pumzi zilipotosha, sauti nayo ikarudi, ileile ya kufunga vikao.

"Mmesikia wenyewe," akasema. "Mashine ni mwongo. Fundi kathibitisha, Mungu ambariki kijana huyu. Maneno yake ni makisio, halikutoka la maana. Wazee, kisichothibitika tunakiacha kilivyo. Idrisa atabaki alipolazwa. Sakina, dada yangu, pole sana, ila shauri limekwisha."

Hoza hakuthubutu kuinua macho. Alisikia kanga inasugua kiti, na akajua Bi Sakina amesimama.

"Mashine ni mwongo, nimekubali," akasema Bi Sakina. "Lakini Tanga hukuandikiwa na kadi, kaka, Tanga umeitaja kwa kinywa chako, na simu yako hiyo hapo imeirekodi. Sasa tuambie, ulisimama wapi huko Tanga hata ukamwona Idrisa akijirusha huku Lushoto?"